Koki Zilizovuta Sumaku

Mzee Dauda alikuwa amelala chali kitandani, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya rundo la mito, na hata hivyo alimpokea mpelelezi kama mtu aliyeketi nyuma ya meza kubwa ya ofisi.

"Ingia, Afande Verediane. Hiyo kiti usiikalie, iko na mguu moja mugonjwa kama mi. Chukua kigoda."

Verediane akavuta kigoda, akaweka mfuko wake wa karatasi juu ya mkeka. Ndani ya mfuko zilikuwamo koki tatu za madebe ya maziwa, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Alikuwa amezitoa Mudende asubuhi hiyo, kwa akina mama wa ushirika wa maziwa, na njia nzima kushuka Gisenyi zilikuwa zikigongana mapajani mwake.

Mambo yalianzia harusini. Jumamosi iliyopita, huko huko Mudende, wageni walinyweshwa ikivuguto, maziwa ya mgando yaliyolala usiku kucha kwenye madebe ya ushirika. Kabla wazee hawajamaliza hotuba zao, upande mzima wa bwana harusi ulikuwa nje unatapika kwenye shamba la viazi. Hakuna aliyekufa, ila bibi mmoja wa makamo alilazwa. Walipotazama madebe, wakakuta ukijani umezunguka kila koki. Koki zenyewe zilikuwa za shaba ya manjano, na zilipakwa nikeli kwa umeme katika karakana ya Dauda, hapa mtaani Mbugangari.

Aliyezipaka kwa mikono yake alikuwa Latif, mtoto wa marehemu dada yake Dauda. Sasa Latif alikuwa mahabusu, na jioni hiyo jalada lake lilitakiwa kupelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kuharibu kwa makusudi chombo cha chakula. Aliyemshtaki ni mjomba wake mwenyewe, tena mbele ya watu, walipokuwa wanatoka msikitini na habari ya Mudende imefika. Watu walimbeba Dauda kwenye kiti hadi mlangoni pa msikiti, akamnyooshea Latif kidole.

"Nieleze tena, Mzee," Verediane alisema. "Polepole. Mimi si mtu wa nikeli."

"We ni mutu wa Kiswahili ya redio," Dauda akamtania. Verediane alikulia Kigoma, na Gisenyi nzima ilimjua kwa ufasaha wake. "Bon. Shaba na maziwa ya kuchacha hazipatani. Maziwa inaikula shaba, shaba inatoa kijani, kijani inapindua tumbo. Donc, basi, tunaifunika. Lakini nikeli peke yake haitoshi, asidi inapata njia ya kupenya. Mi naweka fosforasi ndani ya dawa ya beseni, mule tunazamisha vitu. Umeme ukipita, nikeli na fosforasi zinapanda pamoja juu ya shaba, zinashikana, inakuwa ngozi moja laini kama kioo. Asidi inateleza tu."

"Na Latif alikosea wapi?"

"Aliharakisha. Alipandisha umeme ili amalize kazi haraka avuke mpaka akimbilie Goma. Ukipandisha umeme, nikeli inakuja mbio, fosforasi inabaki nyuma. Koti, ile ngozi ya nikeli, inang'aa, mutu anaisifu, kumbe ni ya uongo."

"Utajuaje ya uongo na ya kweli kwa macho?"

Dauda akaingiza mkono kwenye kola ya shati, akatoa uzi mweusi aliouvaa shingoni. Mwishoni mwa uzi kulikuwa na sumaku ndogo kama punje ya hindi.

"Kwa macho huwezi. Kwa hii unaweza. Shaba haivutwi na sumaku. Nikeli yenye fosforasi ya kutosha nayo haivutwi. Fosforasi ikipungua, nikeli inarudia tabia yake, sumaku inaishika. Mi sikuachaga robine, koki munaita nyinyi, itoke hapa bila kupimwa."

"Na tangu ulale?"

Mzee akatazama dari. "Hii sumaku inalala na mi."

Verediane akaomba uzi ule. Akaanza na koki ya uzi mweupe, iliyopokelewa na ushirika mzee angali mzima. Sumaku ikaning'inia wima, kana kwamba haijaona kitu. Akasogeza koki ya uzi wa njano, iliyopakwa siku za mwanzo za mzee kulala. Sumaku ikainama kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mwisho akaleta ya uzi mwekundu, koki ya harusini. Sumaku ikaruka, ikaganda, ikatoa mlio mdogo.

"Umeona," Dauda akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi ambayo angependa kushindwa. "Ile mutoto. Nilimulea toka anatambaa."

"Nimeona. Sasa nifundishe jambo moja. Umeme ukizidi, unaharibu koki nzima sawasawa?"

"Hapana. Umeme unapenda pembe." Dauda akajiinua juu ya kiwiko; mguu ulimuuma lakini somo lilikuwa tamu. "Unarundikana kwenye ncha na kwenye kingo. Pale koti inaungua, inakuwa nyeusi, inatoa vipele, fosforasi inapotea. Lakini ndani ya mdomo wa robine umeme unafika kwa taabu. Kule ndani inapanda polepole, fosforasi inaingia vizuri. Donc nje inaharibika, ndani inabaki..."

Akakatisha. Verediane alikuwa amewasha tochi ya simu na kuishika koki ya uzi mwekundu karibu na jicho. Kingo zake zilikuwa laini, hazina weusi wala kipele. Akashusha sumaku taratibu ndani ya mdomo wa koki. Ikaganda mle ndani vile vile.

"Nipe," Dauda akasema.

Alijaribu mwenyewe. Akagusisha ukingo, akagusisha ndani, akarudi ukingoni, akageuza koki kichwa chini.

"Kingo hazikuungua," Verediane akasema. "Na ndani pameharibika sawa na nje. Halafu tazama mfuatano wake. Nyeupe nzima, njano imeanza kulegea, nyekundu imekwisha. Mtu akipandisha umeme siku fulani, anaharibu kazi ya siku hiyo. Huu uharibifu ulikuwa unazidi kidogo kidogo, kazi baada ya kazi."

"Na Goma? Kila wiki anavuka. Watu wameniambia iko karakana kule inamuita, anataka kuniangusha afungue yake."

"Goma yupo msichana, anaitwa Belyse. Anavuka kuja kuuza vitenge sokoni kwetu, na jana nimekaa naye saa nzima. Latif hajakanyaga karakana ya mtu yeyote. Anakwenda kumsaidia kufunga mizigo."

"Belyse." Dauda alilitafuna jina. "Na kwa nini Latif ananificha?"

"Anasema ungetaka kwanza kujua ukoo wake hadi babu wa tatu."

"Ni uongo," Dauda akasema. "Ningetaka hadi wa nne."

Verediane hakucheka, ingawa midomo yake ilimsaliti. Akavuta kigoda karibu zaidi. "Mzee, kama si umeme, ni nini kingine kinachofukuza fosforasi?"

"Si joto. Joto ikishuka, koti inapanda kidogo tu, na hii ni nene." Sasa hakuwa tena anafundisha, alikuwa anatafuta. "Iko uchachu. Dawa yangu inatakiwa kuwa kali kupita ndimu. Ikipoteza ukali, fosforasi inakataa kuingia. Na hapo haichagui pembe. Inakataa kote."

"Nani anapima uchachu?"

"Mi."

"Tangu ulale, nani?"

Dauda akapapasa chini ya mto, akatoa kikopo cha karatasi za kupimia. Kilikuwa kimejaa. "Nilimuambia Latif, we chunga umeme na joto. Uchachu ni ya fundi mukubwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyepima."

"Lakini uchachu haipotei yenyewe, Afande. Lazima mutu ametia kitu."

"Huwa mnatia nini?"

"Maji tu. Beseni inakaa moto mchana kutwa, mvuke unatoka, inabidi kujaza. Ya mvua, haina kitu ndani yake. Tanki iko kule nyuma."

Mlangoni alikuwa amesimama Kankindi, mkewe Dauda, na sinia ya chai ya tangawizi. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, na alipokuwa msichana kijijini Cyanzarwe, watu walisema anaweza kumbeba ndama mabegani.

"Mzee, usichokeshe mwili," alisema. "Afande, kunywa chai."

"Nitakunywa nje, Mama. Kwanza nionyeshe hilo tanki."

Uani kulikuwa na karakana yenyewe, banda la mabati lenye beseni kubwa la plastiki lililojaa dawa ya kijani, na pembeni mashine ya umeme yenye mshale wake. Verediane alipita bila kuvigusa. Tanki lilikuwa nyuma ya banda, juu ya mawe meusi ya volkano. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia kama ngoma.

Ilikuwa kiangazi, na mvua haikuwa imenyesha tangu viazi vya Kanama vivunwe.

"Ngazi ya kupandia iko wapi?" aliuliza.

Kankindi akatupa jicho kwenye dirisha la chumbani, kisha akajibu kwa sauti ya chini. "Niliificha nyuma ya kuni. Alianguka kwa ile ngazi, akienda kuchungulia maji. Akijua tanki imekauka, wallahi atapanda tena, na mguu moja. We humujui."

"Kwa hiyo hajui kwamba limekauka."

"Kila siku ananiuliza, tanki inasemaje. Mi namuambia inasema alhamdulillahi."

Verediane akatoa simu, akampigia Hirwa, askari wa zamu kituoni. "Muulize Latif swali moja tu, na uniletee jibu kama lilivyo. Beseni likipungua maji, alikuwa anajaza nani?"

Kwa mbali ilisikika sauti ya Hirwa na nyingine ya kijana. Kisha Hirwa akarudi. "Anasema kila asubuhi alikuwa anakuta beseni imeshajaa. Alifikiri mzee amemuagiza mama. Afande, pia anasema mwambie mjomba wake ameze dawa ya mchana, huwa anaitema."

"Nitamwambia."

Alipokata simu, macho yake yalikuwa yameshatua kwenye ukuta wa jikoni. Palikuwa na madumu ya njano mawili, na midomo yake ilikuwa imeota ukoko mweupe. Akachuchumaa, akaukwangua kwa kucha. Ukatoka kama chokaa.

"Maji ya haya madumu yanatekwa wapi, Mama?"

"Nyamyumba. Kwa amashyuza, ile chemchemi ya moto. Mutu wa pikipiki ananiletea kila alfajiri, nayafunga na blanketi yasipoe. Ni ya kumukanda mzee mguu. Hata watu wa mbali wanakujaga pale kutibu mifupa."

"Na yakibaki?"

Kankindi alikuwa mwepesi wa akili kuliko mwili. Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, akajifuta mikono kwa kitenge ingawa haikuwa na maji.

"Ilikuwa ingali moto, Afande. Na ile beseni inataka kitu cha moto. Nilisema badala ya kumwaga, nimupunguzie Latif kazi. Ni maji ya kuponya. Kinaponya mutu, kitadhuru aje robine?"

"Nipe glasi ambayo huitumii tena."

Verediane akavaa glavu za mpira za Latif zilizoning'inia kwenye msumari. Kwanza akarudi chumbani, akaomba kile kikopo cha karatasi, akatoka bila kueleza. Karatasi moja aliichovya kwenye beseni. Kifuniko cha kikopo kilionyesha rangi ambayo mzee alikuwa ameizungushia wino, nyekundu iliyokolea. Karatasi ilitoka rangi ya chungwa.

Hiyo ilimwambia kwamba uchachu umepungua. Haikumwambia umepunguzwa na nini. Juu ya rafu palikuwa na chupa ya dawa ile ile ambayo haijaguswa, imefungwa kwa nta, akiba ya mzee. Akamimina kidogo kwenye glasi, akaipima: nyekundu, kama ilivyotakiwa. Kisha akainua dumu, akamiminia maji ya chemchemi juu yake.

Glasi ikachemka povu hadi ukingoni.

"Ndivyo inafanyaga," Kankindi akasema nyuma yake. "Kila asubuhi. Mi nilifikiri inafurahi."

"Maji haya yametoka chini sana, Mama, yamebeba mawe yaliyoyeyuka. Ni kama magadi. Ukitia magadi kwenye kitu kikali, kinatoa povu na ukali wake unakufa. Ukitia leo kidogo, haionekani. Maji yanaondoka na mvuke, magadi yanabaki. Kesho unatia tena."

Akapima glasi. Karatasi ikatoka rangi ya chungwa, dada wa ile ya beseni.

Kankindi alizitazama zile karatasi mbili za chungwa zikiwa zimelazwa juu ya dumu. "Donc watu wa Mudende ni mi niliwatapisha," alisema. "Na Latif analala kwa simiti juu ya kosa yangu."

"Ni mi nilimuagiza," sauti ikasema dirishani.

Wote wawili wakageuka. Mzee Dauda alikuwa amejikokota hadi dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili, uso umemtoka jasho.

"Rudi kitandani," Kankindi akasema.

"Afande, andika. Mi Dauda nilimuagiza bibi yangu atie maji ya Nyamyumba. Ni amri yangu. Yeye alitii tu."

"Mzee," Verediane akasema, "sasa hivi umeniambia beseni lako halinywi ila mvua."

"Mutu muzima anaweza kubadili mawazo."

"Anadanganya, Afande," Kankindi akasema. "Hata hakujua. Niandike mi. K, a, n..."

"Usimuandike. Hajui hata fosforasi ni nini."

"Najua sasa."

"Mkiendelea hivi," Verediane akasema akivua glavu, "nitawafunga nyote wawili chumba kimoja."

"Tumeshazoea," Dauda akasema.

Verediane akafunga karatasi zile na koki zake kwenye mfuko. "Sikilizeni. Kosa la makusudi lazima liwe na mtu aliyekusudia, na mimi simuoni. Nitaandika kilichotokea: maji ya chemchemi yalitiwa bila kujua, na hakuna aliyepima. La pili ni lako, Mzee, na utalisikia likisomwa. Ushirika umeshazuia koki zote. Wewe utazipaka upya kwa dawa mpya, na utapanda Mudende kuomba radhi kwa yule bibi aliyelazwa. Lakini jalada lililoko kituoni lina maneno yako kwamba Latif alikusudia. Mimi siwezi kuyafuta. Aliyeyasema ndiye anayeweza, na kabla ya jioni."

Mzee aliachia nondo moja. "Bon. Andika hapa nitie kidole."

"Nikiandika hapa itatosha kisheria," Verediane akasema.

Kankindi ndiye aliyeongeza. "Ulimusema mbele ya musikiti nzima. Kidole ulikinyoosha, nilikiona. Sasa unataka kumuokoa kwa dirisha."

Dauda akaachia na nondo ya pili.

"Lete suruali yangu ya Ijumaa," alisema.

Kituoni, Hirwa alikuwa na habari mbaya. Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi, na Latif hataki kutoka. Alikuwa ameketi kwenye benchi ya simiti, kijana mrefu mwenye vidole vilivyopauka kwa kazi, amekunja mikono kama mtu anayesubiri basi.

"Nimemwambia afande amegundua ukweli," Hirwa akanong'ona. "Anasema hatoki mpaka aliyemshtaki aje aseme mwenyewe."

Mzee Dauda akaingia akiwa amebebwa kwenye kiti na wanaume wawili wa mtaani, Kankindi nyuma yao na viatu vya mzee mkononi. Walikuwapo watu wengine pale: mama aliyeibiwa simu, dereva wa teksi, wachuuzi waliokuja kudai mizigo yao iliyoshikwa mpakani. Dauda aliwaomba wanaume waweke kiti katikati ya chumba, si pembeni. Akavua kofia.

"Nyinyi nyote hamunijui, au munanijua," alisema, na sauti yake ya fundi mkubwa ilifika hadi uani. "Mi ni Dauda wa nikeli. Nilisema mutoto huyu aliharibu kazi yangu kwa makusudi. Nilisema mbele ya watu. Si kweli. Alifanya yote niliyomuambia. Kipimo nilikifungia chini ya mto, sikumupa, kwa sababu nilipenda bila mi kusiwe na kazi. Nimekosea mimi. Mutoto wa dada yangu ni mutu wa haki."

Mama aliyeibiwa simu akasema, "Amina," bila kuulizwa.

Verediane akamsogezea karatasi ya kufuta shtaka na kalamu. Dauda akatia sahihi, sahihi ndefu yenye mikia, akaipuliza wino ukauke.

Latif akatoka. Alisimama mbele ya kiti, akamtazama mjomba wake kuanzia kofia hadi miguu isiyo na viatu.

"Ulimeza dawa ya mchana?" aliuliza.

"Niliitema."

"Nilijua." Akageuka, akachuchumaa, akampa mgongo. "Panda."

"Iko kiti."

"Ngazi ya hapa ni mbaya, kiti itakuangusha. Panda, mjomba."

Dauda akatazama huku na huku, watu wote wakimwangalia, kisha akamzungushia kijana mikono shingoni. Latif akainuka naye, akamrekebisha mgongoni kama akina mama wanavyofanya, akaanza kushuka ngazi za kituo akitanguliza mguu mmoja mmoja. Verediane alisimama mlangoni na jalada kwapani, akawasikia wakiteremka.

"Huyu Belyse," mzee alikuwa akisema sikioni mwa kijana, "baba yake ni nani?"

"Polepole, mjomba. Bado ngazi moja."